Shavu la Adija na Jicho la Shangazi Rukaya

Adija aliamka siku ya Alhamisi, akanywa maji, maji yakatoka pembeni mwa mdomo. Akadhani kata imetoboka. Akachukua nyingine, yakatoka vile vile na kumlowesha kanga. Bibi yake, Mwanamisi, alikuwa mlangoni akimenya ndizi.

"Kata haina kosa, mwanangu," akasema. "Geuka nikuone."

Upande wa kulia wa uso ulikuwa umelala. Jicho halifumbi, kona ya mdomo imeshuka, mkunjo wa kutoka puani umefutika kama nguo iliyopigwa pasi. Upande wa kushoto ulikuwa haujambo, tena Adija alipoanza kulia ulivuta mdomo wote kwake, kama jirani mwenye tamaa anavyovuta mpaka wa shamba.

Hii ilikuwa Ihanda, enzi za Wajerumani, miaka michache kabla ya vita vyao. Baba yake, Abdulrahim, alikuwa na duka la vitambaa vya marekani, shanga na chumvi. Wazee wake walitoka Pangani wakifuata pembe za ndovu. Pembe zikaisha, wao wakabaki. Na Jumapili ile Shangazi Rukaya alikuwa anakuja kutoka Rugu kumtazama Adija kwa niaba ya mpwa wake, Zubeiri. Neno la shangazi ndilo lingekata shauri.

"Watasema ana jini," Abdulrahim akalalamika. "Posa ikirudi, mama, nani ataleta nyingine?"

Adija hakutaka nyingine. Alikwisha mwona Zubeiri mara mbili kupitia upenyo wa uzio, na upenyo wenyewe ni yeye aliyeupanua.

Sasa, Bibi Mwanamisi alikuwa mjane wa mchinjaji. Miaka thelathini alichuna vichwa vya mbuzi, kwa hiyo uso kwake haukuwa siri. Akamkalisha Adija kwenye mkeka.

"Pandisha nyusi." Mikunjo ikatokea kwenye paji la uso, ikafika katikati ikasimama. "Uma meno." Akambana taya kwa vidole, pande zote mbili zikavimba sawasawa. "Sasa nisukume mkono kwa kidevu, huku, na huku." Nyama za shingo zikasimama kama kamba, kulia na kushoto.

"Basi," akasema Bibi. "Taya ni lako, shingo ni yako. Nyama ya paja imefungwa mfupa kwa mfupa, ndiyo maana paja linatembea. Nyama za uso zimeshika mfupa huku, na huku zimeshonwa kwenye ngozi, ndiyo maana uso unasema. Zote za upande mmoja zinaamriwa na uzi mmoja mweupe. Unatokea chini ya sikio, unatawanyika shavuni kama unyayo wa kuku. Wako umeugua. Nyama zenyewe hazina neno, zinangoja amri."

"Bibi umejuaje?"

"Unamkumbuka yule beberu mweusi aliyeng'atwa na mbwa chini ya sikio? Mdomo uliinama, sikio likalala, na majani akatafuna vile vile. Tulipovuna maharage, uso ulikuwa umerudi."

"Halafu mkamfanya nini?"

"Tulimla. Lakini si kwa sababu ya uso."

Jicho lisilofumba hukauka, kwa hiyo akalifunga kwa kitambaa safi. Akaendelea na ndizi zake.

Jumapili Abdulrahim akatoa amri: Adija ajifunike, asicheke, asiseme, mgeni ataona ni haya. Mpango huo ungefaa, kama si kahawa. Kwa kina Zubeiri, mtazamaji na mtazamwa hutafuna pamoja punje za kahawa zilizochemshwa na maganda yake zikakaushwa, kutoka kikapu kimoja. Shangazi akiridhika, hufunga punje moja kwenye pindo la kanga akaipeleka kwa mwanamume. Asiporidhika, hurudisha kikapu.

Adija akapiga goti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sauti imekwama wapi?"

"Ni haya," akasema Bibi upesi.

Wakatafuna. Nyama ya shavu, usiyoijua kazi yake mpaka ikugomee, ndiyo inayosukuma chakula kirudi katikati ya meno. Ya Adija iligoma. Maganda yakajaa shavuni kama akiba ya panya. Shangazi akamuuliza kama anajua kupika matoke. Adija akafungua mdomo aseme naam, na ganda likaruka kutoka chini ya kanga, likatua kwenye paja la mgeni.

Shangazi Rukaya akalitazama.

"Fungua uso."

Akafungua. Nyuma ya pazia Abdulrahim alisikika akikohoa.

"Mmeniita nitazame bi harusi," akasema shangazi, "mmenionyesha nusu!"

"Nusu ya pili imelala, itaamka," akasema Bibi. "Tulikosea kuificha, na kosa ni letu, si la mtoto."

Shangazi akakunja midomo, akatema maganda yake kwa hasira, akaanza kusukuma kikapu. Lakini Bibi Mwanamisi alikuwa hatazami kikapu.

"Mwenzangu, kila ukikunja midomo jicho lako la kushoto linafumba. Hii ni mara ya nne."

"Vumbi."

"Vumbi la mwaka gani?"

Shangazi akageukia pazia. "Abdulrahim, nenda dukani kwako!" Miguu ikasikika ikiondoka. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa na mimba ya kwanza. Niliamka hivi hivi, maji yanamwagika."

"Ukapona."

"Miezi minne. Ila jicho likabaki hivi."

"Nyuzi zilirudi zikakosea nyumba," akasema Bibi. "Ya mdomoni ikaingia jichoni. Ukiita mmoja, wanakuja wawili."

"Ungemwambia hivyo mume wangu wa kwanza! Aliniacha, akisema nawakonyeza wachuuzi."

"Ulikuwa unawakonyeza?"

"Mmoja tu. Ndiye wa pili."

Adija akacheka. Nusu uso ukacheka na nusu ukatazama. Shangazi akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, muda mrefu.

"Mimi niliachwa kwa jicho," akasema. "Sitamwacha mtu kwa shavu."

Akachagua punje nono, akaifunga kwenye pindo la kanga kwa mafundo mawili.

Maharage yalipovunwa, Adija aliweza kunywa bila kumwaga, na harusi ikafanyika. Nyuzi zake pia chache zilikosea nyumba: kila alipokunja midomo kupuliza moto, jicho la kulia lilifumba. Zubeiri, ameketi ng'ambo ya mafiga, alidhani anaitwa. Bibi na shangazi walijua, na hakuna aliyemweleza.

Walipata watoto tisa. Wa saba ni mama yangu.