Sale la Jina Langu

Sale lilikuwa limeanza kulegea mkononi mwangu kwa jasho. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni wa Bibi Winfrida, huko Kilema, nimeshika lile jani refu la kijani la kuombea msamaha, lililofungwa fundo katikati.

"Ingia au toka," alisema Bibi bila kunitazama. "Unaniingizia baridi."

Nikaingia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, blanketi mabegani, bakuli la mtori wa ndizi limepoa miguuni pake. Hakuwa amekula kwa siku nne. Mjomba Sylvanus, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyetupigia simu Himo. "Dada Gladys," alimwambia mama yangu, "kama una neno na mama, lilete sasa."

Mama alikuwa na neno. Lakini kwa miaka ishirini na miwili hakuwa amevuka mlango wa mama yake mzazi, na chanzo chake nilikuwa mimi. Au tuseme, jina langu.

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hubeba jina la mama yake baba, na wa pili hubeba la mama yake mama. Dada yangu ni Martha, kama alivyoitwa bibi yetu mzaa baba. Mimi nilikuwa wa pili. Nilipaswa kuwa Winfrida. Bibi alikuwa ameshanifumia na kofia. Lakini siku ya ubatizo mama alikuwa bado kitandani kwa homa ya uzazi, na baba alirudi kutoka misheni na jina ambalo hakuna mtu wa ukoo wowote aliyewahi kuwa nalo: Zita. Alieleza kwamba kitabu cha watakatifu kilifunguka hapo chenyewe, na nani angebishana na mbingu?

Bibi alibisha. Alisema mkwe wake amemtukana. Mama akamjibu kwamba jina ni jina tu. Mlango wa mbele ukafungwa tangu siku hiyo. Sisi watoto tuliruhusiwa kuja likizo, kwa mlango wa jikoni, lakini baba na mama hapana. Na Bibi hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa "wewe binti". Nilikuwa "huyo mdogo". Martha aliitwa Martha mpaka jina likachakaa.

Nilielewa nusu ya jambo hilo nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye mafundisho ya kipaimara niliyohudhuria huko Kilema wakati wa likizo. Kila mmoja wetu alisimama kueleza habari za mtakatifu msimamizi wake. Wenzangu walikuwa na wafiadini na maaskofu. Ilipofika zamu yangu, nilisema kwa sauti ndogo kwamba Mtakatifu Zita alikuwa mtumishi wa ndani, na ndiye msimamizi wa watumishi wa ndani.

"Hausigeli!" alidakia Jovin kutoka nyuma, na darasa zima likaanguka kwa kicheko. "Zita, njoo utufulie!"

Nilicheka nao, maana ukiwa mwoga unajifunza kucheka mapema. Jioni ile nilimsimulia Bibi, nikidhani atanihurumia. Alikuwa akimenya ndizi. Kisu kilisimama. Kisha akaendelea kumenya, haraka zaidi, na mimi nikaona vidole vyake kana kwamba sijawahi kuviona: vifundo vilivyovimba, kucha zilizoliwa na magadi ya kufulia. Mjomba ndiye aliyeniambia baadaye kwamba tangu akiwa na miaka kumi na mitano Bibi alikuwa yaya kwenye nyumba ya mlowezi, kule chini kwenye mashamba makubwa ya kahawa. Miaka tisa alilea watoto wa wengine, na miaka yote tisa aliingia na kutoka kwa mlango wa jikoni.

Tangu hapo nilijua kwa nini jina langu lilimuuma. Lakini niliamini ni bahati mbaya tu. Niliamini kitabu kilifunguka chenyewe.

Mpaka asubuhi ile ya sale.

Tulikuwa tumefika kwenye mpaka wa chini wa kihamba cha Bibi, shamba lake la ukoo, penye safu ya masale yanayotenganisha migomba yake na ya jirani. Mama alikuwa ameingia dukani kununua sukari ya kumpelekea. Baba alikata jani moja, akalifunga fundo. Mikono yake, inayofungua gia za malori kila siku pale Himo, ililirudia fundo mara mbili.

"Mwanangu," alisema, "kitabu hakikufunguka chenyewe."

Nilimtazama.

"Siku nilipokuja kuposa, bibi yako aliikataa pombe yangu ya mbege mbele ya wazee. Alisema mtoto wa mpiga debe hana cha kumlisha binti yake. Nililiweka moyoni. Ulipozaliwa nilimwuliza katekista: mtakatifu wa mayaya ni yupi?" Alifuta uso kwa kiganja. "Mama yako hajui. Ukifika sema ni kitabu. Nakuomba, Zita. Sema ni kitabu."

Mama akatokea dukani na kifurushi chake. Baba akanipa sale. Nilipanda kati ya migomba nikiwa nimebeba kitu ambacho sikukijua uzito wake. Nilikuwa tusi. Miaka ishirini na miwili nilikuwa naitika tusi.

Na mbele yangu kulikuwa na njia mbili. Sale kwetu halikataliwi. Mtu akiletewa ni lazima asamehe, hata kama ni kosa la kumwaga damu. Lakini lazima kosa litajwe. Sale lililoletwa na uongo, Mjomba aliniambia, ni jani la kulishia mbuzi. Nikisema kitabu, namdanganya mwanamke anayekufa. Nikisema kweli, itamfikia mama, na sikujua kama nyumba yetu ya Himo ingebaki na baba na mama wote wawili.

"Umekuja na nini?" Bibi aliuliza.

Nilipiga magoti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimekuuliza umekuja na nini."

"Na kosa la baba." Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine aliye chumba cha pili. "Jina langu... baba alilitafuta. Kitabu hakikufunguka chenyewe. Alitaka likuumize."

Moto ulipasua kuni. Bibi hakulipokea jani. Alinitazama, macho yake mekundu kwa moshi, muda mrefu mpaka mikono yangu ikaanza kuuma.

"Melkior katekista aliniambia," alisema hatimaye, "kabla maji ya ubatizo hayajakukauka kichwani."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Ningemwambia, angerudi hapa na mizigo yake. Ungelelewa na nani? Mimi nimeshalea watoto wasio na baba karibu. Wana pesa, wana farasi, wanalia usiku." Alivuta blanketi. "Nikaacha aseme mama yake ni mzee mwenye kisirani. Nilisubiri mmoja wenu aje aseme. Sikudhani atakuwa wewe. Wewe hata kuku unamwomba samahani."

Akalichukua sale. Alilifungua fundo taratibu kwa vidole vile, akalilaza mapajani.

"Nilipokuwa yaya kule mashambani, mke wa mlowezi alikuwa na sanamu ndogo ya mtakatifu wako juu ya jiko. Alisema ni ya kutulinda sisi. Mimi sikumpenda. Kichwa ameinamisha siku zote." Alilipapasa jani. "Wewe leo hukuinamisha."

Aliishi mwaka mmoja na miezi miwili baada ya siku ile, na mama ndiye aliyemlisha. Mama hakusema na baba kwa wiki tatu. Alikuwa akimtengea chakula na kuondoka. Wiki ya nne alikaa. Leo nafundisha darasa la kwanza, na nikiita mahudhurio kwa mara ya kwanza kila mwaka, namwuliza kila mtoto nani alimpa jina. Wengi hawajui. Nawaambia wakaulize nyumbani, kisha nalala na wasiwasi.

Lakini siku ile Bibi alivuta bakuli la mtori, akaugusa kwa kidole, akakunja uso. "Pasha huu. Kisha kawaite. Mama yako apite mlango wa mbele." Akawaza. "Baba yako apite jikoni. Kuna vyombo vya kuosha."

Aliingiza mkono chini ya kanga, akatoa ufunguo mweusi uliofungwa kwa utepe. Nilikwenda nao sebuleni, nikauingiza kwenye kitasa. Haukuzunguka. Nilijaribu kwa mikono miwili. Kutu ilidondoka kwenye vidole vyangu. Nilirudi jikoni, nikachota mafuta ya kupikia kwa kijiko, nikatembea nayo taratibu yasimwagike.

"Zita," Bibi aliita nyuma yangu.

Nilisimama.

"Usimwage mengi. Ni ya kupikia."