Kiboko Kati ya Obeid na Pilau

Obeid alihamia ziwani kwa sababu ya pilau. Siku ya Jumapili, sebule imejaa wageni, alisema pilau ya Moza ina ladha kuliko ya Nura. Moza ni dada yake Nura, na Nura ni mke wa Obeid, kwa hiyo maneno hayo hayakuwa na pa kujificha. Nura hakugombana. Alimwondolea sahani, akamwambia kwamba njia ya kwenda kwa Moza anaijua. Obeid ameuza vipuri vya magari Bujumbura miaka mingi, na hajazoea kuondolewa sahani. Alijaza nguo kwenye valizi, akaenda kwa rafiki yake Akilimali.

Akilimali na mkewe Consolée, watu wa Uvira, walikuwa wakikaa ndani ya boti ya tanga iliyotiwa nanga mbele ya ufuo, upande wa kusini kuelekea Kanyosha. Mwenye boti, Mbelgiji daktari wa meno, alikuwa amerudi kwao na kumwachia Akilimali funguo kwa sharti moja: isizame. Tangu hapo haikusogea. Consolée alianika ndagala, dagaa wa ziwa lile, kwenye sitaha na nguo kwenye kamba za mlingoti, na jogoo wao alilala juu ya usukani.

Consolée, aliyezoea kumwita Obeid kwa jina la mwanawe Muadh, alimwona akipanda kutoka kwenye mtumbwi, kanzu ameikunja hadi magotini.

"Papa Muadh, hiyo valizi ni ya nini?"

"Kuanzia leo mimi ni mtu wa ziwa," Obeid akasema, akajigonga kichwa mlangoni.

Walimpa kitanda cha mbele, chembamba kama ubao wa kupigia pasi. Mtu wa ziwa akatapika jioni ile ile, na boti imetulia kwenye nanga yake. Consolée alimpa tangawizi atafune, akamwambia aangalie milima ya Kongo mpaka tumbo likubali.

Taabu kubwa ilikuwa swala. Boti ikiwa kwenye nanga huzunguka na upepo. Obeid alianza rakaa ya kwanza akiwa ameelekea kibla, na alipotoa salamu alikuwa anatazama Kanyosha. Alimpigia shehe simu, shehe akamwambia ageuke kadiri boti inavyogeuka. Kugeuka kukamchanganyia hesabu ya rakaa, ikawa kila akisali, Akilimali, ambaye ni sauti ya besi katika kwaya ya kanisa lao, anasimama pembeni na mti mrefu aliouchomeka kwenye mchanga, anaizuia boti kwa nguvu zake zote.

"Fanya mbio kidogo, Papa Muadh," alimwomba siku moja, jasho linamtiririka. "Mungu anakuona, lakini mi nachoka."

Obeid hakutaka kula bure. Alipoona tanga limetobolewa na panya, akasema atatafuta kitambaa. Alivizia Nura ametoka, akaingia nyumbani kwake kama mwizi, akachukua kitambaa kizito kilichokunjwa ndani ya sanduku, chenye mawaridi mekundu makubwa kama sufuria. Aliamini ni cha zamani. Consolée alikishona vizuri kwa cherehani yake ya mkono, na tanga likawa mawaridi zaidi kuliko tanga. Wakalikunja wakalisahau.

Siku chache baadaye, mchana, Nura akatokea ufuoni na sufuria kichwani. Alikuwa amepika pilau upya, na alitaka mumewe aonje kisha aseme tena, mbele ya watu, ya nani ni tamu. Ila kati ya ufuo na boti alikuwa amelala kiboko. Mnyama huyo alikuwa amefika asubuhi, akajibwaga karibu na mtumbwi, na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Hakuna aliyethubutu kupita.

Nura akafunua sufuria. Upepo ulikuwa unatoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo harufu haikuwafikia, lakini mvuke waliuona. Obeid, aliyekula ndagala tangu Jumapili, akakaa chini.

Akilimali akafikiri sana, akasema upepo huo huo ungeweza kuwapeleka ufuoni kwa kumzunguka kiboko, kama wangepandisha tanga. Hakuna kati yao aliyewahi kulipandisha. Walivuta kamba zote mpaka moja ikakubali, Consolée akang'oa nanga, na mawaridi yakafunguka juu ya ziwa Tanganyika.

Watu wa ufuoni wakasogea kutazama. Kiboko akainua kichwa, akalitazama tanga kwa muda, akashuka majini akaenda zake kama mtu aliyetukanwa.

Boti ilishika mwendo, na hapo ndipo wote watatu walipogundua kwamba hawajui inasimamishwaje. Akilimali alimwambia Obeid ageuze usukani. Obeid akajibu kwamba jogoo hataki kushuka. Wakapanda mchanga kwa kishindo, boti ikalala ubavu, pua yake karibu na viatu vya Nura.

Nura hakuitazama boti. Alikuwa anatazama juu.

"Obeid," akasema, "hizo ni pazia mpya za arusi ya Muadh."

Obeid aliangalia tanga, akamwangalia mkewe, asione pa kukimbilia.

"Ndizo zimenileta kwako," akasema.

Nura alijitahidi kubaki na uso wa hasira. Alishindwa kuanzia mabega, yakaanza kutikisika, kisha akacheka mpaka Consolée akashuka kumpokea sufuria isimwagike. Consolée akampandisha Nura kwenye boti, wakala hapo hapo, sitaha imeinama, kila mmoja ameegemeza mguu mahali. Sahani ya Akilimali iliteleza mara kwa mara hadi kwa Obeid, na Obeid hakuirudisha haraka. Nura alipomuuliza hukumu yake, alitafuna kwanza mpaka mwisho, akasema Moza aje ajifunze. Watu wa ufuoni walisikia, kama Nura alivyotaka.

Jua lilipoanza kushuka, Obeid alifunga valizi, akamwambia mkewe waende nyumbani. Nura alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha mbele, na Consolée ameketi pembeni anamsuka nywele.

"Tangulia," Nura akamwambia. "Mi nitakuja kesho, ama kesho kutwa."

Asubuhi vijana wa ufuoni waliisukuma boti irudi majini. Nura alisimama mbele kabisa, ameshika mlingoti, akiwaelekeza wapi pa kusukuma.