Kinyozi na Mstari wa Uhai

Kinyozi alikuwa amemaliza shavu la kushoto pale mteja alipomkamata mkono ghafla, akakigeuzageuza kiganja chake kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Kaka, mimi husoma viganja," mteja alisema, povu likimning'inia kidevuni. "Huu unaozunguka kidole gumba ndio mstari wa uhai. Ukiwa mrefu, mtu hula chumvi nyingi. Wako..." Akaguna. "Wako umekatika njiani."

Kinyozi hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Hata hivyo jasho jembamba lilimtoka. Miaka arobaini na miwili tu, na nyumba yenyewe hajaiezeka!

"Umekatika vipi?" akauliza, huku akirudisha wembe shingoni mwa mteja, maana kazi ni kazi. Wembe ulitetemeka kama jani.

Mteja akakaza shingo. "Ngoja, ngoja, kaka! Kumbe mstari unaendelea. Lilikuwa povu."

"Unaendelea mpaka wapi?"

"Miaka sitini."

"Sitini tu?" Wembe ukayumba.

"Themanini! Tisini! Na meno yako yote!"

"Baba yangu mdogo alifika tisini na moja," kinyozi alisema kwa huzuni, "na alikuwa mvivu wa kutupwa."

"Mia moja na mitatu," mteja akanong'ona, hata mate hamezi. "Utazikwa na vitukuu."

Hapo mkono ukatulia tuli. Kinyozi akashusha pumzi, akageuka kuusuuza wembe. Alipogeuka tena, kiti kilikuwa kikizunguka chenyewe. Mteja alishavuka barabara, taulo shingoni, ndevu upande mmoja.

Jioni kinyozi alimsimulia mkewe yote. Mkewe akakitazama kiganja, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mume wangu, si ndilo kovu la ule mkebe uliokukata, siku ile ulipojifanya unajua kupika?"

"Kwa hiyo mia na mitatu ni kweli?"

"Kweli tupu," mkewe alisema, akimkabidhi nyundo. "Basi huna tena kisingizio. Mlango wa bafu unakungoja tangu mwaka juzi."

Kinyozi akaenda akipiga mluzi. Mlango ulikamilika siku ya tatu, ukawa unafungukia upande usiofaa, lakini yeye hakuona haraka yoyote ya kuurekebisha.