Shikamoo ya Masumbwe

Katika kundi letu la maigizo hapakuwa na mwanamume hata mmoja, kwa hiyo nafasi za wanaume tuligawana wenyewe. Mimi, kwa sauti yangu ya kukwaruza, nilipewa baba mkali. Kuanzia Shinyanga hadi Runzewe nilijipaka masharubu ya masizi, nikavaa koti, nikakohoa, na watazamaji wakaapa kwamba mzee huyo wanamjua.

Walikuwa hawajakosea sana. Nilimwiga baba yangu mzazi, Mzee Maige wa Masumbwe: mwendo wake, kikohozi chake, na ule ukimya wake. Miaka saba nyuma nilikataa kuolewa na mtu aliyenichagulia, ng'ombe wakarudishwa, na tangu hapo baba hakuitikia shikamoo yangu. Mara mbili nilikwenda kumpigia magoti, mara mbili akatazama paa. Nikakasirika, nikasema basi, na mimi simtaki. Uongo mtupu. Nilimtaka kila siku.

Zamu ya Masumbwe ilifika mwaka 1976. Tulicheza alasiri, mbele ya ghala la pamba. Nyuzi za pamba zilielea hewani, jua limezishika, kila kitu kikawa laini na cha mbali, hata sauti zetu. Nikajiona natembea kwa miguu ya baba katika kijiji cha baba, nisijue kama nimelala au niko macho. Kisha nikamwona, benchi la mbele, mikono juu ya fimbo.

Scolastika, aliyeigiza binti yangu, akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

Mchezo ulitaka ninyamaze. Nikanyamaza, nikatazama paa la ghala. Watu wakaacha kutafuna miwa. Scolastika akarudia, safari hii akilia kweli, maana habari zangu alizijua. "Shikamoo, baba."

"Marahaba!"

Sauti ilitoka benchi la mbele. Watu wakaangua kicheko, wakidhani mzee amesahau kuwa ni mchezo. Lakini baba hakumtazama Scolastika. Alinitazama mimi, na masharubu yangu yalikuwa yameanza kuchuruzika.

Nikapiga magoti, baba mkali mzima mbele ya kijiji, nikasema, "Shikamoo, baba."

"Nimekwisha kuitikia, Mbuke," alisema. "Inuka. Sasa na wewe mwitikie huyo mtoto wako, amechoka kupiga magoti."