Mkasi wa Dada

Mama yetu ni mmoja, baba wawili. Baba wa dada yangu alikuwa mtu wa mitaa ya juu, na dada amechukua kila kitu chake: rangi, pua, hata nywele. Mimi nimefuata upande wa mama, mweusi tii. Tukitembea pamoja watu hudhani nimeajiriwa kumbebea mfuko.

Sote tunashona kwa mama mdogo. Dada anapokea wateja na kukata vitambaa. Mimi nashona kwa mkono, zile kazi ndogo ndogo zinazoumiza macho. Kwa mama mdogo, anayemvalisha mteja mara ya mwisho ndiye anayekuwa fundi wake. Mteja akirudi anamuulizia yeye, na ndugu za mteja pia. Mitaa ya juu yote ilikuwa ya dada, kwa sababu njiani kuna kizuizi cha polisi na yeye hasimamishwi. Nilikuwa namwona akirudi kutoka huko, anatabasamu, nami nang'ata uzi kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Likaja gauni la bibi harusi wa mitaa ya juu. Nililishona mimi, ushanga kwa ushanga. Asubuhi ya kulipeleka nikasema, kwa sauti ndogo hata mama mdogo akaniomba nirudie, kwamba nataka kwenda mwenyewe.

"Na pale kwenye kizuizi?" akauliza.

"Nitapita kama watu wanavyopita."

"Mwache aende," dada akasema. Hata ruhusa yangu ikatoka mdomoni mwake.

Nilivaa nguo yangu nzuri, nikabeba gauni mikononi kama mtoto aliyelala. Nikasahau kuvua mkasi. Sisi tunaoshona tunaning'iniza mkasi mdogo shingoni kwa kamba, na ukishazoea husikii uzito wake.

Askari alinyoosha mkono kabla sijafika. Na yeye alikuwa mweusi kama mimi.

"Hilo gauni umelitoa wapi?"

"Nimelishona."

"Umelishona wewe? Basi na mimi nimejenga ikulu." Akaona kamba shingoni, akaivuta. "Na hii silaha?"

"Ni mkasi wa kukatia nyuzi."

"Huko juu watu wanaibiwa. Tumeambiwa tuangalie watu wa namna yako."

Nilitaka kumuuliza yeye ni wa namna gani. Akaniingiza kwenye kibanda chao, akautupa mkasi wangu na gauni juu ya meza kando ya sufuria yenye masizi. Nikakaa kwenye benchi nikiitazama ile sufuria tu. Nilipompigia mama mdogo simu, nilijua atamtuma nani.

Dada aliingia akihema. Askari akasimama, akafuta kiti kwa kiganja. "Karibu, dada."

"Nimemfuata mdogo wangu."

"Mdogo wako? Huyu?" Akatutazama kwa zamu, akacheka. "Mama yenu alikuwa na mambo."

"Mama yetu mwache. Gauni ni letu, mteja anasubiri."

"Ungesema mapema," akaniambia mimi, niliyekuwa nimesema tangu mwanzo. Akalichukua gauni akampa dada.

Hapo ndipo nikauona mkasi wake. Alitoka mbio na hakuuvua, unaning'inia kifuani, wazi kabisa, mkubwa kuliko wangu.

"Na yeye anao," nikasema.

Dada akageuka kunitazama. Sitasema nilitaka haki. Nilitaka avutwe kamba, aulizwe ameitoa wapi pua yake, akae juu ya lile benchi walau kidogo ajue lilivyo gumu.

Askari aliutazama mkasi. "Huyu si ni fundi," akasema.

Dada akauvua, akauweka mezani kando ya wangu. "Basi niandike na mimi."

"Dada, usinitanie."

"Sikutanii. Kama ni kosa, ni letu wote. Kama si kosa, mrudishie wake."

Askari alicheka, akakuna shingo, akaturudishia mikasi yote miwili. Hata hilo lilinichoma. Dada akibisha anaonekana jasiri. Mimi ningebisha vile, ningelala mle.

Nje dada akanikabidhi gauni. "Nenda umvalishe. Nakusindikiza."

"Ili nipite kwa uso wako."

"Uso huu sikuununua," akasema. Tukaendelea kupanda.

Mama wa bibi harusi alifungua mlango akamkumbatia dada. "Fundi, tulishakata tamaa."

"Fundi ni huyu," dada akasema.

Yule mama akanitazama mikono. "Anawe kwanza."

Nikanawa. Dada akaketishwa kwenye kochi, akaletewa soda. Mimi nikapiga magoti nyuma ya bibi harusi, pini mdomoni, nikalirekebisha pindo mahali lilipovutwa kule kibandani. Bibi harusi akajizungusha mbele ya kioo. Alishika ushanga wa kifuani na kuuachia, akashika tena.

Mama yake akatoa simu. Akamgeukia dada. "Nipe namba yako. Wadogo zake wanne watashonewa pia. Tukimhitaji huyu tutakupigia wewe."

Dada alikunywa soda, akanitazama mimi juu ya glasi, akaendelea kunywa.

Nikatoa pini mdomoni, nikazichomeka kwenye ukosi wangu. Kisha nikaitaja namba yangu, taratibu, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe. Yule mama alingoja kidogo, kama anayesubiri dada asahihishe. Akaibonyeza yote mpaka mwisho, kisha akaandika na jina. Jina la nani, sikuona.