Vidonge Saba vya Akiba

"Wifi, sikuulizi kama amepona. Nakuuliza umempa vingapi."

"Vitatu."

"Na uliambiwa vingapi?"

"Kumi. Lakini kuhara kuliisha siku ya tatu. Vilivyobaki nimpe vya nini, vya kumpongeza?"

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Aliingia jikoni kwangu kutafuta mkasi tu, akafungua ile droo. Kila nyumba ina droo yake ya aibu. Yangu ina skrubu, betri zilizo nusu hai, chupa ya dawa ya kikohozi iliyoganda mdomoni, na sasa vidonge saba vya zinki vya Kipusa, binti yangu wa mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa nimevifunga kwa mpira, nikavibandika karatasi na kuandika kwa herufi kubwa: AKIBA.

Hiyo AKIBA ndiyo iliyomchefua.

"Unamwekea mtoto akiba ya kuhara?"

"Akiba haiozi," nikasema. Nikiishiwa hoja huwa nachomoa methali, hata kama haihusiki.

"Haiozi, lakini mtoto je? Sikiliza. Utumbo una ukuta. Vijidudu vimeukwangua wiki nzima. Zinki inasaidia ukuta ule ujijenge upya, ushikamane, vijidudu vingine vikija visipate pa kupenyea. Kazi hiyo haiishi kwa sababu wewe umeona nepi safi. Na kesho unamrudisha wapi?"

Alijua wapi. Kesho Kipusa alikuwa anarudi kituo cha kulelea watoto, na wiki hiyo watoto watano wa kituo hicho walikuwa wameharisha. Nilijua hilo tangu asubuhi na nilikuwa nalizunguka kama shimo barabarani.

"Mimi nimesoma, wifi," nikasema.

"Umesoma ujenzi."

Ni kweli. Stashahada yangu inaning'inia sebuleni, kwenye fremu kubwa kuliko picha ya harusi. Nikiwa natafuta namna ya kuiunganisha na tumbo la mtoto, simu ikaita. Fundi wetu wa uashi, kutoka kwenye tangi la maji ninalosimamia ujenzi wake.

"Bosi, ule ukuta wa tangi umekauka vizuri. Tumeumwagilia siku tatu. Tuache kumwagilia?"

"Umekauka kwa macho yako! Nani kakwambia ukuta ukikauka juu umekomaa ndani? Acha leo, kesho una nyufa, na siku ya kujaza maji utavuja kama chujio! Nilisema siku saba. Mtu mzima unapewa idadi ya siku, unaikata kwa kuangalia tu?"

Nikakata simu nikihema, nimeridhika kabisa na nafsi yangu. Kisha nikamwona wifi. Alikuwa amekunja mikono.

"Endelea," akasema. "Mbona umefika patamu?"

Nyani haoni kundule, lakini mimi nilikuwa nimeletewa kioo mpaka jikoni.

"Tangi si mtoto," nikajaribu.

"Afadhali tangi. Lina wewe wa kulipigania."

Nikamtazama Kipusa sakafuni, akigonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, na tumbo lake dogo likitokeza chini ya fulana. Ukuta ule siwezi kuugonga kwa kidole nikajua kama umeshika.

"Siku tatu zimeshapita bila kidonge," nikasema, sauti imeshuka. "Bado vitafaa?"

"Anza sasa, umalize vyote. Kimoja kwa siku. Usimpe viwili kufidia, maana nakujua."

Sikungoja anijue zaidi. Nikatoa kidonge kimoja, nikakiweka kwenye kijiko, nikakidondoshea maji yaliyochemshwa mpaka kikayeyuka. Kipusa alipoona kijiko alifumba mdomo kama ofisi saa ya kufunga. Nikabembeleza. Nikaimba. Wifi akapiga makofi. Mdomo haukufunguka.

"Nilisema siku saba!" nikafoka, kwa sauti ileile niliyomfokea fundi.

Mtoto akacheka, meno yote sita nje. Kijiko kikapita.

"Vimebaki sita," akasema wifi.

Nikachana ile karatasi ya AKIBA, nikabandika vidonge juu kwenye mlango wa jokofu, kila mtu avione, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Wifi akachukua mkasi aliokuja kuutafuta.

Kisha nikampigia fundi simu kumwomba radhi kwa zile kelele zangu. Kwa zile siku saba sikuomba radhi.