Shuka la Watu Wawili

Bosi akianza kukuhurumia, hesabu mifupa yako. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, si methali ya wahenga, na niliyasema asubuhi ile meneja mpya alipotukusanya mbele ya mashine za kufulia na kututangazia kwamba kampuni inajali afya zetu. Nyuma yake alisimama mwanamke mwembamba, amekumbatia mikeka iliyoviringishwa, anatabasamu. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa, angetufundisha yoga na namna ya kuvuta pumzi. Bila malipo.

"Bure ghali," Redio alininong'oneza.

Redio ni mwenzetu wa meza ya madoa, na jina hilo hakulipata kwa bahati mbaya. Yeye akisema kitu, nusu yake ni chumvi, lakini ile nusu nyingine huwa kweli. Basi tukamwita yule mwanamke Mwalimu wa Pumzi, tukakaa chonjo.

Niwaeleze kazi yetu. Tunafua mashuka, foronya na mataulo ya hoteli na hospitali. Vinaingia kwenye magunia ya turubai, vichafu vya kutisha, vinatoka vyeupe vimenyooka. Mimi nilikuwa meza ya kukunja. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika wawili, huyu pembe mbili na yule pembe mbili, mnalinyanyua juu ya vichwa, mnalikung'uta ili makunyanzi yaanguke, halafu mnakutana katikati kukabidhiana. Anayeijua kazi hiyo hana haja ya kumtazama mwenzake.

Sasa, bega langu la kulia lilikuwa limekufa. Mkono ulipanda mpaka usawa wa kidevu, ukifika hapo unagoma kama mlango uliofungwa kwa ndani. Hakuna aliyejua. Mume wangu mwenyewe nilimwambia nimelilalia vibaya, na nikaendelea kulilalia vibaya mwaka mzima.

Nilikuwa na sababu ya kuficha. Mwenzangu wa kwanza pale mezani, shoga yangu tuliyeanza kazi pamoja tukiwa wasichana, aliumwa kiuno. Akaenda ofisini kwa miguu yake, akasema ukweli wake. Wakamnunulia keki, wakampigia makofi, na wiki iliyofuata hakuwa na kazi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nyumbani mume wangu alikuwa ameshastaafu na binti yetu wa mwisho bado yuko chuoni. Mikono yangu ndiyo iliyoweka sufuria jikoni, mmoja ukiwa mzima na mwingine ukijifanya mzima.

Baada ya shoga yangu kuondoka nilipewa msichana mmoja wa kukunja naye. Tulimwita Kimya, kwa sababu hata salamu yake ilibidi uisome kwenye midomo. Nilimfundisha kazi, nikamgawia chakula changu, lakini sikumwamini. Mtu asiyesema anayaweka wapi anayoyasikia? Halafu alikuwa na uvivu fulani. Shuka hakulipandisha juu kama nilivyomfundisha. Alilishika usawa wa kifua, akalikung'uta kwa chini, kisha akatembea yeye hadi kwangu kunikabidhi pembe. Nilimwacha, maana mtindo huo ulinifaa, ila moyoni nilimhesabia.

Asubuhi ya kwanza ya yoga, Mwalimu wa Pumzi alitupanga kwenye mikeka kati ya meza.

"Simameni wima," alisema. "Sasa inueni mikono yote miwili, kama mnataka kugusa dari."

Hapo hapo nikaelewa. Wanatukagua. Kuna njia gani nyingine ya kumjua mfanyakazi mbovu, kama si kumwambia ainue mikono mbele ya watu? Nikajibanza nyuma ya Mnara, yule bwana mrefu wa mashine za kukaushia, nikainua mkono wa kushoto mpaka mwisho, na wa kulia nikausingizia unakuna shingo. Shingo yangu iliwasha siku hiyo. Ikawasha na kesho yake, na keshokutwa.

"Fumbeni macho," mwalimu alisema. "Sikiliza pumzi yako ikiingia na ikitoka."

Nilifumba jicho moja. Kwa lile jingine niliwaona wenzangu, nao wamefumba moja moja. Redio anamchunguza mwalimu, Mnara anachungulia mlango wa meneja, na wengine wanachunguzana wenyewe kwa wenyewe. Kimya peke yake ndiye aliyefumba yote mawili. Uso ulikuwa umetulia, na mikono ameiinua nusu tu, usawa wa masikio, kama mtu asiyeogopa kuonekana mzembe. Nikajiambia, mtu mwenye amani hivyo katika jengo hili ameahidiwa kitu.

Mwalimu hakuishia hapo. Alitupa na mambo ya kufanya nyumbani. Kunywa maji kabla ya chai. Jioni loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu. Ukienda kulala, simu iache chumba kingine. Na kila siku tafuta mahali ukae kidogo, usifanye chochote, utafakari. Hilo la mwisho lilinitia wasiwasi kuliko yote. Tangu lini mwajiri akamlipa mtu aje kukufundisha kutofanya chochote?

La miguu nililijaribu, ili nijue mtego uko wapi. Nilijaza beseni, nikaketi jikoni.

"Miguu imekosa nini?" mume wangu aliuliza.

"Nachunguza."

"Unachunguza miguu yako?"

"Nachunguza kazini."

Alinitazama kidogo, akavua viatu, akavuta kiti, akaingiza na ya kwake. Tulikaa hivyo mpaka maji yakapoa. Nililala fofofo, jambo ambalo halikuwa limenitokea siku nyingi. Asubuhi niliamka na hofu zaidi. Dawa ikifanya kazi haraka namna hiyo, jiulize anayeigawa bure anataka nini.

Ikapita wiki, ikapita nyingine. Redio akaja mezani kwangu na taulo lenye doa asilohitaji msaada wangu kulitoa.

"Shoga, wanapunguza watu," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mashine ya kukunja inakuja. Mbona hujiulizi? Asiyepinda ataondoka. Wanaanza na wenye viungo vibovu."

"Viungo vyangu vina nini?"

"Sijasema vyako. Kwani vina nini?"

Nikamwambia akaoshe taulo lake.

Kuanzia hapo nilimtazama mwalimu kwa jicho jingine. Siku moja alisimama mbele yangu katikati ya zoezi, akainamisha kichwa, akauliza kwa upole, "Mama, shingo bado inawasha?" Alisema shingo lakini macho yake yalikuwa begani. Machale yakanicheza. Kuna mtu kasema.

Kesho yake nikamwona huyo mtu. Nilikuwa natoka chooni. Pale kwenye bomba la maji alisimama mwalimu, na mbele yake Kimya, yule asiyesema, anasema. Maneno sikuyasikia kwa kelele za mashine, lakini mikono niliiona. Aliinua wa kulia mpaka kidevuni, akausimamisha hapo. Kisha akagusa bega, bega la kulia. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku nzima nilikunja naye mashuka bila kumtazama usoni, na kila alipotembea kuja kunikabidhi pembe nilihisi kama ananiletea barua ya kufukuzwa. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu. Niliiona keki. Niliyasikia makofi.

Asubuhi iliyofuata meneja alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, anatutazama. Hilo hakuwa amewahi kulifanya. Tukajipanga kwenye mikeka, na mimi nikaenda zangu nyuma ya Mnara.

"Leo tutabadilisha kidogo," mwalimu alisema. "Kuna mwenzetu ameniambia bega linamsumbua, na ni vizuri kusema. Kwa hiyo mikono isipite hapa." Akagusa kidevu chake.

Kidevuni. Pale pale mkono wangu unapokwamia.

Sijui nilitokaje nyuma ya Mnara. Nilijikuta nimesimama mbele ya Kimya.

"Umeniuza," nilimwambia, na sauti yangu ilijaa ukumbi mzima kwa sababu mashine zilikuwa bado hazijawashwa. "Nimekufundisha kazi. Tumekula sahani moja. Leo unakwenda kuwaambia kwamba bega langu limekufa? Kwamba mkono wangu haupandi? Haya, wamekuahidi nini?"

Kimya alifumbua macho, akanitazama. Aliyejibu ni mwalimu, tena polepole, kama anayemtua mtu mzigo kichwani.

"Mama, yeye aliniambia ni bega lake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe hakuna aliyejua, hakuna aliyesema, na mdomo wangu mwenyewe ndio umeniponza mbele ya meneja na kikombe chake. Nikamwona Redio anatazama sakafu. Mtu wa kuogopa siku hiyo nilikuwa mimi.

"Mama," meneja alisema, "ukimaliza zamu pitia ofisini."

Tulikunja. Ungefanya nini, kazi ilikuwepo. Shuka baada ya shuka, Kimya akilishika chini, akitembea kuja kwangu, akinikabidhi pembe. Mchana ndipo nikamuuliza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza," alisema. Ilinibidi nisogee ili nimsikie. "Shuka lilikuwa linavutika upande wako. Mkono wa kulia unachelewa."

Basi ule uvivu haukuwa uvivu. Muda wote ule alikuwa amelishusha shuka hadi pale mkono wangu unapofika, akatembea hatua zangu juu ya zake, na mimi nikamhesabia makosa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Nilifikiri kwa haki. "Nisingekuamini."

"Basi."

"Na kwa mwalimu ulikwenda kutafuta nini?"

"Apunguze ile mikono juu. Ulikuwa unajikuna mpaka shingo imechubuka, mama."

Nilicheka huku machozi yananilenga. Mahali ambapo kila mtu alikuwa anaficha kiuno chake na goti lake, huyu mtoto alikwenda kujisingizia bega bovu. Kama meneja angetaka mtu wa kuondoa, angemkuta amejiandikisha mwenyewe kwa ajili yangu. Nilimwomba msamaha palepale, juu ya shuka, na yeye akasema tukunje, gari linasubiri.

Jioni niliingia ofisini. Kitu cha kwanza nilitafuta keki. Juu ya meza hapakuwa na keki, wala juu ya kabati.

Meneja aliniambia niende kutibiwa bega, na kwamba kuanzia Jumatatu nitakaa meza ya foronya, kazi ya kukaa, haina kunyanyua. Mshahara ule ule. Nilimuuliza mara mbili, nikamuuliza na ya tatu kwa kuizungusha, labda atajikwaa. Hakujikwaa.

"Na mwenzangu?" niliuliza.

"Bega lake nalo linaumwa?"

"Halina kitu."

"Basi atakunja na yule mrefu wa mashine za kukaushia."

Nilitoka nikiwa na kazi yangu mkononi, na sikuifurahia. Mnara akishika shuka hulivuta kama anamvuta ng'ombe mkaidi. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima mbele ya mtu aliyenibeba bila kunigusa, na siku niliyomjua ndiyo siku waliyotutenganisha. Tena si wao. Ni mimi na ulimi wangu. Iliniuma kuliko bega.

Mashine ya kukunja haijaja mpaka leo. Sisemi kwamba haiji. Foronya zangu ziko karibu na dirisha, na kila gari kubwa likiingia langoni nanyanyua shingo kutazama limebeba nini.

Lakini nilitaka kuwaambia kuhusu ile Jumatatu. Tulijipanga kwenye mikeka, na mara hiyo sikwenda nyuma ya Mnara. Nilikwenda kusimama kando ya Kimya.

"Inueni mikono," mwalimu alisema. "Kila mtu mpaka pale anapofika."

Wangu wa kulia ulifika kidevuni, ukasimama, na watu wote wakauona. Nikatazama pembeni kwa jicho langu moja. Kimya alikuwa amefumba macho na mikono ameiinua usawa wa masikio, kama kila siku tangu yoga ianze. Ndipo nikaelewa kwamba hata hapo alikuwa ananishushia shuka, ili mkono ulioishia njiani usiwe wa kwangu peke yangu.

"Inua, mwanangu," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Mimi wameshanijua."

Alinigeukia, akanitazama kuhakikisha. Kisha akainua. Mikono ilipita masikio, ikapita kichwa, ikaendelea kupanda, vidole vikanyooka kimoja kimoja, na mgongo wake ukalia kidogo, kama wa mtu aliyekuwa amejikunja siku nyingi. Sikujua kwamba ana mikono mirefu kiasi kile. Nikafumba macho, yote mawili, nisije nikalia mbele ya meneja.